Wonder Woman juu, Storm mkiani: matoleo matano ya kwanza niliyoyapima

Matoleo ya komiki ninayoyapanga hapa ni ya kwanza kabisa ya mifululizo yao: Absolute Batman, Absolute Wonder Woman na Absolute Superman za kampuni ya DC, pamoja na Ultimate Spider-Man na Storm za mshindani wake Marvel. Absolute na Ultimate ni mifululizo inayowasimulia mashujaa wa zamani upya, katika ulimwengu tofauti na ule uliozoeleka. Yote ni ya 2024. Spider-Man alitangulia Januari, na hao wengine wanne wakatoka katika Jumatano sita tu, kuanzia tarehe 2 Oktoba hadi 6 Novemba. Mwaka huohuo DC ilikuwa imerudi kutoa komiki zake Jumatano baada ya miaka kadhaa ya Jumanne, kwa hiyo duka na mfuko vikawa vinabanwa siku ileile moja.

Kipimo changu ni kigumu kidogo. Toleo la kawaida siku hizi lina kurasa 20 za hadithi. La kwanza huongezwa kurasa. Bei ya jaladani kwa hizi Absolute ni dola 4.99, ambayo dola ikiwa Sh129 ni kama Sh645. Kwa pesa hiyo nataka nikifunga ukurasa wa mwisho niwe namjua mhusika, mji wake, na kitu anachoweza kupoteza. Nikiambiwa nivumilie mpaka toleo la nne ndipo mambo yanoge, hizo ni alama zimekatwa. Na kwa sababu wengi wetu hapa Nairobi tunasomea kwenye simu, naangalia pia kama ukurasa unastahimili kioo kidogo.

Namba moja ni Absolute Wonder Woman. Kelly Thompson ameandika, Hayden Sherman amechora, Jordie Bellaire ametia rangi. Diana, yaani Wonder Woman, safari hii hakulelewa na Waamazoni, wale wanawake wapiganaji, kwenye kisiwa cha raha. Apollo anamleta akiwa mtoto mchanga Jehanamu na kumkabidhi Circe, mchawi ambaye hakuomba mtoto wala hakutaka. Hata jina la Waamazoni limepigwa marufuku. Hadithi inapishanisha malezi hayo na siku ya leo, Diana anapotua Gateway City na upanga mkubwa kuliko yeye, amempanda Pegasus aliyebaki mifupa mitupu. Uzuri wake ni kwamba vipande vya utotoni havikusimamishi njiani ili upewe historia: kila kimoja kinakueleza kwa nini huyu wa leo anapigana bila chuki. Circe anaanza kumpenda mtoto bila mtu yeyote kutamka neno upendo. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi anayejua kunyamaza.

Kasoro yake ni kwenye simu. Sherman hapangi visanduku kwa mistari iliyonyooka. Anavipinda vifuate mwendo wa tukio, na pale penye uzito anatandaza mchoro mmoja kwenye kurasa mbili zilizoungana. Ukisoma kwa ule mtindo wa kisanduku baada ya kisanduku, programu inakata mchoro huo vipandevipande na unabaki unaona kwato bila farasi. Dawa yake: ukifika kwenye kurasa pacha, toka kwenye mtindo huo, laza simu, tazama mchoro mzima kwanza, kisha ndipo uvute karibu usome viputo vya maneno. Mwenye tableti ya inchi 10 hana haja na hayo yote.

Absolute Batman anafuata, na najua wengi wangemweka juu. Mwandishi Scott Snyder amemnyang'anya Bruce Wayne, mtu aliye nyuma ya kinyago cha Batman, utajiri. Baba yake alikuwa mwalimu, mama yake yu hai, na yeye mwenyewe ni mhandisi anayeijua Gotham kwa mabomba na misingi yake. Marafiki zake wa utotoni ni watu ambao msomaji wa zamani anawajua kama maadui: Ozzie (Penguin), Waylon (Killer Croc), Eddie (Riddler), Harvey (Two-Face). Alfred si mtumishi wa nyumbani kwa Bruce tena. Ni jasusi aliyetumwa mjini, na ndiye anayesimulia. Hapo pana ujanja mzuri, maana tunamwona Batman kwa macho ya mtu anayempima kama angemuua au amwache.

Mchoraji Nick Dragotta anamchora Batman mpana kama mlango wa ghala, na ile alama ya popo kifuani inabanduka ikawa kichwa cha shoka. Inasikika kama mzaha wa watoto, lakini tukio lenyewe limepangwa kwa hesabu. Kurasa zake zimejaa visanduku vidogovidogo vilivyosongamana. Halafu ghafla mwili mmoja unachukua nafasi yote. Mbano ule ndio unaofanya ukubwa wake uhisiwe. Na kwa bahati visanduku vidogo ndivyo simu inavyovipenda, kila kimoja kinajaa kioo vizuri. Kwa nini basi si wa kwanza? Kwa sababu genge la wahalifu la Party Animals ni vinyago na bunduki tu, na toleo linategemea sana wewe uwe tayari unajua Ozzie atakuja kuwa nani. Asiyejua atapita kwenye lile kundi la marafiki bila kushtuka.

Hapo katikati pana Ultimate Spider-Man, ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto. Peter Parker ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na hajawahi kuumwa na yule buibui anayempa nguvu za Spider-Man. Mjomba Ben yu hai na anafanya kazi gazetini na Jameson. Karibu toleo lote ni mazungumzo: ofisini, nyumbani, mezani. Anayetaka ngumi atapiga miayo, kwani nguvu zinakuja mwishoni kabisa. Mimi nimelipenda, maana Checchetto anachora nyuso ambazo zinaficha kitu, na swali la mtu mzima anayehisi maisha yake yalipindishwa pahali ni zito kuliko la kijana anayejifunza kuruka maghorofa. Linapoteza alama kwa kuegemea hadithi ya 2023 iliyomweleza Maker, yule mwovu, na jinsi alivyoupanga ulimwengu huu. Bila hiyo, lile kasha la Tony Stark (Iron Man) litaonekana limedondoka tu kutoka mbinguni.

Absolute Superman ya Jason Aaron na Rafa Sandoval nitaipitia haraka. Wazo ni zuri: wazazi wa Kal-El, yaani Superman, ni wavuja jasho wa sayari ya Krypton, naye Duniani anatokea mgodini Brazili kuwatetea wachimbaji dhidi ya kampuni ya Lazarus. Vumbi jekundu linalomfuata kama joho ni mchoro wa kukumbukwa. Lakini kuna sauti nyingi kwa wakati mmoja, hasa Sol, ile akili iliyo ndani ya vazi lake inayoongea ovyo katikati ya mapigano, na Lois Lane upande wa pili hajapata nafasi ya kuwa mtu.

Storm wa mwisho, na hilo linauma. Ororo Munroe, jina lake halisi, alitokea mara ya kwanza 1975, mama yake N'Dare akiwa binti wa kifalme kutoka Kenya, na kwa miaka yote hiyo "Kenya" yenyewe imekuwa mandhari ya jumla: nyasi, mvua, wanakijiji wanaosujudu. Safari hii mwandishi ni Mnaijeria, Murewa Ayodele, na mchoraji ni Lucas Werneck, ambaye radi zake ni za kuning'iniza ukutani. Tukio la kufungulia, maafa ya mtambo wa nyuklia Oklahoma City, lina mtego mzuri wa kimaadili, maana chanzo chake ni mtoto. Tatizo ni kwamba mtego huo haupewi muda wa kubana. Maelezo ya pembeni yanasema kile mchoro umeshasema, na msomaji anatakiwa awe anajua Storm amesimama wapi kati ya X-Men na Avengers, vikosi viwili vya mashujaa wa Marvel. Tuliokulia kwenye katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau ndani ya Taifa Leo tunajua visanduku vichache vinatosha ukiviacha viongee. Ununue kwa michoro.

Sasa, kuyapata. Yanayouzwa Kindle, duka la vitabu vya kidijitali la Amazon, yanapatikana siku ileile ya kutoka. Comixology, duka la komiki lililokuwa na programu yake, ilihamishiwa huko. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa isiyo ya plastiki. Acha salio la ziada kidogo, kwani kiwango cha dola siku ya makato si lazima kiwe kile ulichokiona asubuhi. Marvel Unlimited, huduma ya kulipia usajili, ni nafuu zaidi kwa msomaji wa mengi, ila matoleo mapya hufika huko baada ya kama miezi mitatu. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, si ndani ya matatu: kurasa za rangi hula bando, na mtandao ukikatika njiani unapata ukurasa wenye ukungu.

Kwa mkusanyaji wa karatasi, tahadhari iko kwenye Absolute Batman, iliyochapishwa upya mara nyingi. Muuzaji akikuambia ni chapa ya kwanza na anataka bei ya juu, angalia tarakimu tano ndogo kando ya msimbo mkuu wa mistari (barcode) jaladani. Tatu za kwanza ni namba ya toleo, ya nne ni jalada, ya tano ni chapa. 00111 ni toleo la kwanza, jalada kuu, chapa ya kwanza. Ikiisha kwa 2 au 3, lipa bei ya kawaida. Kisha fungua katikati uangalie pini: zikiwa na kutu, unyevu umeshaingia, na mkeka wa kadibodi ndani ya mfuko wa plastiki hautaurudisha nyuma.