Midjourney kwa Discord: ulipie kifurushi kipi?

Anayetaka kuanza Midjourney, akili bandia inayotengeneza picha kutokana na maneno unayoiandikia ndani ya programu ya gumzo ya Discord, kwa kawaida huniuliza aandike maneno gani ili picha itoke kali. Mimi humuuliza kwanza: kwa mwezi utatengeneza picha ngapi? Vifurushi viko vinne, vya dola 10, 30, 60 na 120 kwa mwezi, na wengi hukimbilia cha 30 bila kupiga hesabu.

Namba moja kwangu ni Basic, cha dola 10. Unapata kama dakika 200 za mashine zao, na ombi moja la kawaida hula dakika moja hivi na kukuletea picha nne. Mwenye duka la nguo anayeposti mara tatu kwa wiki hamalizi. Ukishalipa, ndani ya Discord mfungulie Midjourney Bot, roboti inayopokea maombi yako, ujumbe wa faragha; ukibaki kwenye vyumba vya wageni picha yako itazama katikati ya za watu wengine. Andika /imagine, kisha maelezo, kwa Kiingereza ikiwezekana, maana ndicho inachokielewa vizuri zaidi. Usitegemee neno "mandazi" peke yake: eleza vipande vya unga vya pembetatu, vilivyokaangwa hadi rangi ya kahawia, kwenye sinia, mwanga wa asubuhi. Mwishoni ongeza --ar 9:16, picha itoke wima ya kukaa kwenye status. Chini yake kuna vitufe: U inakutolea picha moja kati ya nne, V inakutengenezea nne nyingine zinazofanana nayo. Hiyo V ndiyo mla dakika, kwa sababu kila ukiibonyeza ni ombi jipya. Salio unaliona kwa /info.

Standard, cha dola 30, nakiweka cha pili. Kina saa 15 za haraka, halafu hali ya Relax isiyo na kikomo, ila unapanga foleni. Hamia huko siku dakika za Basic zitakapokuishia katikati ya mwezi, si kabla.

Pro ni ya mwenye siri. Bila Stealth, yaani hali ya kuficha picha, inayopatikana Pro na Mega tu, picha zako huonekana na wengine kwenye tovuti yao hata kama ulizitengeneza faraghani. Kama mteja wako hajazindua bidhaa yake, dola 60 si nyingi. Kampuni inayoingiza zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka haina hiari, masharti yanaidai Pro au Mega. Mega kwa anayeanza? Hapana.

Ukilipia mwaka unapunguziwa asilimia 20, Basic inakuwa dola 96. Subiri kwanza hadi mwezi wako wa tatu wa kutumia, kwa kuwa dakika usizotumia hazihamii mwezi unaofuata.

Malipo ni kwa kadi. Kenya, M-Pesa GlobalPay inakupa namba ya Visa ya kulipia mtandaoni. Makato hujirudia yenyewe kila mwezi, kwa hiyo kama unajaribu tu, siku hiyohiyo ya kulipa andika /subscribe, fungua kiungo na ukatize. Utaendelea kutumia hadi mwezi uishe.