Jambiani kwa Mkaazi: Bahari Ipo, ila Ina Saa Zake

Assalamu alaykum, watazamaji wetu. Leo ninachambua makaazi ya ufukweni Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, lakini vyumba na vigae nitaviacha kando. Nitaangalia kile ambacho madalali hukisifu zaidi, yaani starehe zilizo karibu.

Tuanze na bahari. Dalali aliyenitembeza alisema kwamba kutoka barazani hadi majini ni hatua ishirini, wala hakusema uongo, kwa sababu tulifika alasiri ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na mawimbi yalikuwa yanapiga ukuta. Kesho yake, saa nne asubuhi, nilitoka na taulo begani nikakuta mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, na maji yamekwenda zake huko mwambani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mno karibu na saa hizo na kujaa alasiri. Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, utaratibu hugeuka, na asubuhi unaweza kuogelea karibu na nyumba. Mwenyeji analijua hili tangu utotoni. Mnunuzi kutoka Mjini au Dar es Salaam huligundua akiwa ameshalipa.

Hata hivyo, maji yakitoka ndipo pwani inapochangamka. Akina mama huingia na kamba na vigingi kuhudumia mwani, kilimo cha biashara kilichoanza upande huu mwaka 1989, na ukiomba ruhusa kwa adabu utaoneshwa namna kila kipande kinavyofungwa kwenye kamba kwa kijikamba chake. Vaeni viatu vya mpira, maana viumbe vyeusi vya miiba havina msamaha, na msikanyage mashamba ya watu kwa ajili ya picha.

Paje, jirani yetu wa kaskazini, ni uwanja wa wanaoteleza juu ya maji kwa ubao huku wakivutwa na tiara kubwa, kaskazi inapovuma na hata kusi. Kutazama kunapendeza; kumwachia mtoto aogelee katikati yao, hapana.

Kwa siku ambayo bahari imekukatalia, lipo Pango la Kuza hapohapo Jambiani, lenye maji baridi, na iko Hifadhi ya Jozani kwenye barabara ya kwenda Mjini. Huko utawaona kima punju, ambao hula majani na mara nyingine mkaa. Mimi Jozani ninaipa alama za juu kuliko safari ya pomboo ya Kizimkazi, kwa kuwa boti niliyopanda iliwafukuza wanyama wale mpaka nikaona haya. Ukifika Kizimkazi, afadhali uende Dimbani ukautazame msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, ukiwa umevaa mavazi ya stara. Makunduchi nako, kila Julai, kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, ambapo wanaume hupigana kwa migomba na kibanda huchomwa moto.

Kwa hiyo, nyumba ile ningeichukua? Kwanza ningeikodi mwezi mzima wa kuandama, nizione bamvua mbili na maji mafu mawili nikiwa barazani, ndipo nimuulize dalali bei.