TAHADHARI: Wakala wa "manesi wa nyumbani" hapa Dar alituletea mtu asiye nesi

Ndugu zangu mnaouguza wazazi nyumbani, someni hili kabla hamjamtumia mtu hela.

Mama alipata kiharusi. Upande wa kulia umepooza na kumeza ni kwa shida. Tuliporuhusiwa kutoka wodini tukaambiwa anahitaji mtu wa kukaa naye usiku na mchana. Mimi nimeajiriwa, mdogo wangu ana mtoto mchanga, kaka yetu yuko Muscat. Tukaona tangazo WhatsApp: "manesi waliosajiliwa, wanalala kwa mgonjwa". Nikapiga, akapokea mama mmoja mwenye maneno matamu, akanitumia picha ya leseni ya uuguzi. Ada ya kuandikishwa 50,000, malipo ya mwezi wa kwanza 450,000, vyote vitangulie, tena kwa namba ya mtu binafsi ambayo jina lake halifanani na la ofisi. Pale nilipaswa kusita. Sikusita kwa sababu tulikuwa tumechoka, na watu hawa wanaijua vizuri familia iliyotoka wodini imechoka.

Akaja binti mpole, koti jeupe limepigwa pasi. Jina lake si lile la kwenye leseni. Wakala akaniambia mwenye leseni amepata dharura, huyu wamesoma pamoja. Nikakubali.

Siku ya 9, Alhamisi jioni, nikachukua daftari la presha. Asubuhi 120/80. Jioni 120/80. Kila siku hivyohivyo, na mama yangu ana presha ya miaka mingi, hata siku tunatoka hospitali ilisoma 158/94. Nikafunua ukurasa wa pili. Ijumaa imeshajazwa. Jumamosi imeshajazwa, asubuhi na jioni, kalamu ileile.

Nikaenda kumgeuza mama. Juu kidogo ya makalio, pale penye mfupa, pampasi ilikuwa imenata. Nilipoibandua taratibu nikakuta kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda, katikati njano, kinanuka. Mama hawezi kusema vizuri, lakini alinishika mkono kwa ule wa kushoto na hakuuachia.

Binti akalia. Akasema hajawahi kusomea uuguzi, alikuwa akifanya kazi za ndani, na katika ile 450,000 ameahidiwa 120,000. Pale mgongoni aliona pamebadilika, akampigia wakala, akaambiwa apake mafuta na kupasugua. Alipasugua kila siku. Kumbe sehemu iliyokwisha kuumia kwa kulaliwa haisuguliwi, unazidi kuichana nyama ya ndani. Kwa binti sina kinyongo. Wakala ndiye aliyejua anampeleka nani kwa mgonjwa wa aina gani.

Nesi tuliyempata baadaye kusafisha kidonda ametufundisha mambo ambayo natamani ningeyajua siku ya kwanza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa takriban kila baada ya saa 2, usiku pia, na visigino havilazwi juu ya godoro, vinainuliwa kwa mto chini ya miguu. Kwa ngozi zetu nyeusi msisubiri kuona wekundu. Gusa kwa kiganja: penye joto kuliko pembeni, pagumu, au palipokoza weusi, ndipo kidonda kinapoanzia. Na mwenye shida ya kumeza halishwi uji akiwa amelala. Anakalishwa wima, anapewa kidogokidogo, na akimaliza anabaki ameketi nusu saa au zaidi, maana uji ukiingia njia ya hewa unaleta nimonia. Ukimhoji mtu anayejiita nesi, muulize hayo. Anayejua atakujibu bila kufikiri.

Kuhusu karatasi: muuguzi Tanzania anatakiwa awe amesajiliwa na awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga (TNMC). Picha ya kwenye simu haitoshi. Shika leseni mkononi, tazama tarehe ya kuisha, linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha huyohuyo aliyesimama mlangoni, halafu ulizia namba yake Baraza. Mimi niliulizia baada ya maafa: leseni ni ya kweli, ya mtu mwingine kabisa. Wakala akikuonyesha cheti cha BRELA (wanaosajili biashara na kampuni), hicho ni cha kusajili biashara tu, hakimfanyi mtu kuwa muuguzi.

Si kila mgonjwa anahitaji nesi. Wa kuogeshwa, kulishwa na kushikwa mkono anatosha mhudumu mzuri, ila aitwe mhudumu, alipwe kama mhudumu, na asiachiwe sindano za insulini wala kubadilisha mpira wa mkojo. Mlio nje ya nchi mnaotuma hela, msiridhike na picha za mama amevaa kanga mpya. Ombeni ndugu aje siku asiyotarajiwa, afunue shuka.

Hela hatujarudishiwa. Tumefungua RB polisi, simu yake haipatikani. Mama tunamgeuza wenyewe kwa zamu, kidonda kimeanza kujaa nyama. Juzi shangazi amenitumia tangazo alilolikuta kwenye kikundi cha kanisani kwao: jina la ofisi jipya, namba mpya, na picha ya leseni ni ileile.