Karakana ya turbo nyuma ya Barabara ya Lunga Lunga: walipima kwanza, ndipo wakafungua

Kwa miezi minne lori langu lilitoa moshi wa buluu kila asubuhi na moshi mweusi kila lilipopanda mlima, na katika muda huo nililipia turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ambayo halikuihitaji. Tathmini hii ni ya karakana iliyogundua tatizo lenyewe. Iko katika uchochoro mmoja nyuma ya Barabara ya Lunga Lunga, hapa Industrial Area, Nairobi, na jina lake siliandiki kwa sababu fundi mwenyewe aliniomba hivyo: ana nafasi ya magari matatu tu, naye hataki foleni asiyoweza kuihudumia. Wenye malori pale soko la Marikiti wanamfahamu, na ndio walionielekeza.

Lori lenyewe ni Canter ya zamani yenye injini ya 4D34 ya turbo, silinda nne, lita 3.9, isiyo na kompyuta yoyote ya kusomwa kwa mashine. Hubeba viazi kutoka Njabini na mara nyingine vitunguu kutoka Narok, kwa hiyo hupanda milima ikiwa na mzigo takriban kila wiki. Dereva wangu ndiye aliyeanza kunionya. Aliniambia, "Mama, gari halivuti, na oili naongeza lita nzima kila baada ya safari mbili." Kwenye mpando wa Mai Mahiu alikuwa sasa anashuka hadi gia ya pili mahali alipozoea kupanda kwa gia ya tatu, na magari yaliyomfuata yalikuwa yakiwasha taa mchana kwa sababu ya moshi.

Gereji ya kwanza niliyoiendea ilisema turbo imekufa. Walisema hivyo bila hata kuinua kabini, kwa kuutazama moshi tu. Nililipa shilingi 46,000 kwa turbo nyingine pamoja na kazi ya kuifunga, na nashukuru kwamba nilisisitiza kupewa ile ya zamani nikaenda nayo nyumbani. Kwa wiki tatu moshi wa buluu ulipungua, kisha ukarudi ukiwa mzito kuliko awali. Niliporudi kulalamika niliambiwa sasa ringi za pistoni, vile vipete vinavyoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda, zimeisha na injini ifunguliwe yote, kwa shilingi 180,000. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwaza kuliuza lori kama lilivyo.

Jambo la kwanza ambalo fundi wa Lunga Lunga aliliomba lilinishangaza: alitaka lori lifike jioni, lilale pale, lipoe kabisa, na asiliwashe mtu yeyote mpaka afike yeye asubuhi. Saa mbili kamili alikuja na kijiti kilichofungwa kitambaa cheupe, akakishika mbele ya bomba la moshi huku dereva akiwasha. Baada ya dakika moja alinionyesha kile kitambaa. Katikati kilikuwa na masizi makavu, lakini pembeni kulikuwa na matone ya rangi ya chai, na nilipoyagusa vidole vikateleza. Ilikuwa oili mbichi, ambayo haikuwa imepita ndani ya moto wa silinda. Alisema oili iliyoungua kwenye silinda hutoka kama moshi, ila hii ilikuwa imeingia njiani, baada ya silinda, na kwa upande huo wa injini cha kushukiwa kwanza ni turbo.

Hata hivyo hakuishia hapo, na hilo ndilo linalonifanya nimwamini. Kwa kuwa nilikwisha kuambiwa kuhusu ringi, alitaka kuhakikisha. Alifungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja juu ya tundu, kisha akaniambia nami niweke changu. Pumzi iliyotoka ilikuwa hafifu na ya utulivu. Ringi zikiisha, moto wa silinda hupenya hadi chini ya pistoni na pale kwenye kifuniko ungehisi mapigo yenye nguvu yakirusha mvuke wa oili. Baadaye alitoa injekta zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, na kupima kompresheni, yaani nguvu ya kukandamiza hewa, ya kila silinda, akaniandikia namba kwenye kipande cha karatasi: zilikaribiana, na tofauti ya iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa haikufika asilimia 10. Kwa dakika arobaini za kazi alikuwa ameniepusha na gharama ya shilingi 180,000.

Kisha akaifikia turbo. Alifungua mpira wa upande wa hewa, akashika ncha ya shafti, mhimili unaozungusha mapanga yake, kwa vidole viwili na kuisukuma pande zote. Kuchezacheza kidogo kwa upande ni kawaida, alieleza, kwa kuwa shafti hiyo haikai juu ya beringi za gololi bali huelea ndani ya utando wa oili. Lakini ikichezea mbele na nyuma, au mapanga yake yakigusa ukuta, imekwisha. Yangu haikuwa na dalili hata moja ya hizo. Turbo ilikuwa nzima, ila upande wake wa moshi ulikuwa umelowa oili.

Jibu lilikuwa kwenye paipu ya chini, ile inayorudisha oili kutoka kwenye turbo hadi kwenye bakuli la oili chini ya injini. Alipoifungua, ndani yake kulikuwa na ulimi wa gundi nyekundu ya gasketi, mrefu kama kidole changu kidogo, ambao gereji ya kwanza ilikuwa imeubana kupita kiasi ukaingia njiani, na nyuma ya ulimi huo kulikuwa kumejikusanya mabaki magumu meusi ya oili iliyoungua miaka mingi. Tundu lililobaki lilipitisha kalamu ya biki kwa shida. Oili huingia kwenye turbo ikisukumwa na pampu, lakini hutoka kwa kuteremka yenyewe tu, bila kusukumwa. Njia ya kuteremkia ikiziba, oili hujaa kwenye kifuko cha katikati na kutafuta pa kutokea. Nilidhani sili za turbo ni mpira kama zile za kawaida, kumbe ni vipete vyembamba vya chuma vinavyofanana na ringi za pistoni, navyo havikuundwa kuzuia oili iliyojaa. Hupitisha, na oili huenda moja kwa moja kwenye bomba lenye moto mkali. Hata turbo mpya kabisa kutoka kwenye sanduku ingevuja mahali hapo.

Nilimletea pia turbo ya zamani. Aliipima mbele yangu kwa namna ile ile na kuikuta haina hitilafu. Mabaki magumu katika paipu ndiyo yaliyokuwa yakiisababishia kuvuja tangu mwanzo, na gereji ile iliyabomoa kiasi ilipokuwa ikifunga nyingine, ndiyo sababu ya zile wiki tatu za nafuu. Sikupata maneno ya kusema. Shilingi 46,000 kwangu ni faida ya safari nyingi.

Moshi mweusi ulikuwa habari nyingine kabisa, na hapa nadhani wengi wetu hukosea kwa kuuchanganya na ule wa buluu. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Aliziba njia ya hewa kwa kizibo, akaingiza upepo wa kompresa wenye nguvu ndogo, kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote kati ya turbo na injini. Chini ya klipu moja povu lilianza kufura na kupasuka. Mpira ulikuwa umechanika kwa urefu wa ukucha, mahali ambapo klipu yenyewe huufunika, na mpasuko huo hujifunga injini ikiwa haina kazi na kufunguka turbo inapopuliza kwa nguvu. Ndiyo maana hakuna aliyeuona lori likiwa limesimama. Filta ya hewa nayo ilikuwa imejaa vumbi kiasi kwamba alipoigonga chini ilitoa rundo la kujaza kikombe, na injekta ya silinda ya tatu ilidondosha dizeli badala ya kuitawanya kama ukungu.

Kuna sababu mambo haya huumiza zaidi huku kwetu kuliko pwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Limuru hupita mita 2,200. Kanieneo ya hewa hapa mjini ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa, kwa hiyo injini huvuta hewa kidogo zaidi kwa kila pumzi. Turbo ndiyo inayofidia upungufu huo. Mpira ukivuja, lori linabaki na dizeli ile ile na hewa ya mlimani, na tofauti yake unaiona kwenye kioo cha nyuma.

Nilimuuliza kama angepunguza dizeli kwa skrubu ya pampu ili nipite ukaguzi wa magari wa Likoni Road kwanza, mengine yafuate. Alikataa waziwazi. Alisema moshi ungepungua kweli, lakini lori lingekosa nguvu, dereva angekanyaga zaidi, na mpasuko ungebaki pale pale. Lori lilipita ukaguzi wiki mbili baadaye pampu ikiwa haijaguswa.

Gharama yote ilikuwa shilingi 30,200: kupima 4,000, nozo (ncha ya injekta) moja na kupimwa kwa injekta zote 5,500, paipu mpya ya oili 2,800, mpira na klipu 1,800, filta ya hewa 2,600, oili na filta yake 7,500, na kazi 6,000. Ada ya kupima hulipwa kwanza, na hairudishwi hata ukiamua kutengenezea kwingine. Mwanzoni niliiona kali. Sasa naiona kuwa ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika miezi ile minne.

Kasoro zipo, nazo ni za kweli. Aliahidi siku mbili, zikawa nne, na kwa mtu wa viazi siku mbili za ziada ni mzigo uliopotea. Hakuna mahali pa kusubiri isipokuwa benchi chini ya mabati, na mvua ikinyesha uchochoro huo hugeuka matope ambayo gari dogo halipiti. Risiti yenye maelezo ya kila kipengele niliipata baada ya kuiomba mara mbili. Hakopeshi hata kidogo, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kufika. Ukiwa na lori jipya lenye kompyuta atakuelekeza kwingine, kwa kuwa mashine ya kulisoma hana.

Ni miezi mitano sasa. Dereva huniletea kijiti cha kupimia oili nikitazame kila Jumamosi, na kati ya ubadilishaji mmoja wa oili na mwingine kiwango hakishuki kwa kiasi cha kuongezwa. Mai Mahiu amerudia gia ya tatu. Jambo moja tu ndilo lililobadilika katika uendeshaji wake, na ni agizo la fundi: baada ya mpando mrefu huiacha injini ingurume taratibu dakika mbili kabla ya kuizima, kwa sababu shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa na mzigo, na ukizima ghafla oili iliyosimama ndani yake hupikwa na kugeuka yale mabaki meusi niliyoyaona kwenye paipu.

Ukienda kwake, peleka pia spea zozote za zamani ulizobadilishiwa, na mweleze rangi ya moshi pamoja na wakati unaotokea. Moshi wangu haukuwahi kuwa mweupe, lakini aliniambia swali lake la kwanza kwa mwenye moshi huo ni kama unaisha injini ikipata joto au unaendelea huku maji ya rejeta yakipungua, kwani wa kwanza mara nyingi ni injekta au pampu inayotoa dizeli kwa wakati usio wake, na wa pili mara nyingi ni gasketi ya kichwa cha injini. Hufungua Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa mbili asubuhi, na Jumamosi hadi saa saba. Lori lipelekwe jioni ya siku iliyotangulia, na ufunguo umwachie mlinzi.