Mabawa ya ratili 25 ya Samick Sage: yamenirudishia mkono wangu

Upinde wangu ni Samick Sage, ule wa inchi 62 unaofunguka vipande vitatu: mpini wa mbao katikati, na mabawa mawili, la juu na la chini, kila moja likishikwa na skrubu kubwa unayoikaza kwa vidole tu. Nilipoununua nilichukua mabawa ya ratili 45, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta upinde, si uzito wa mabawa. Msimu wa baridi uliopita nikaongeza jozi ya ratili 25, nayo ndiyo ninayoiandikia leo, kwa sababu naona wenzangu wengi wanaoanza uta wakiingia shimo lilelile nililoingia mimi.

Mimi ni Mkamba wa Mwingi. Naishi Minnesota, Marekani, kazi yangu ni ya usiku katika makao ya wazee. Kwetu uta si jambo la kufundishwa na wageni. Wa babu ulikuwa umening'inizwa ukutani, upote, yaani kamba yake ya kuvuta, umelegezwa, podo la ngozi kando yake. Watoto tuliruhusiwa kuutazama, kuugusa hapana. Mwaka 2016, siku Shehzana Anwar alipoibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, yeye akiwa mpiga mishale, nilisimama sebuleni nikasema mwaka huu nitajifunza. Upinde wake ni wa mashindano, una kilengeo na vyuma vya kuutuliza, na shabaha iko mita 70. Mimi nilitaka wa aina ya babu: upinde, upote, jicho na mkono, basi.

Muuzaji aliniangalia mabega akasema ratili 45 zinanifaa. Kuvuta niliweza, tena bila taabu. Kutulia ndiko kulikonishinda. Upote unatakiwa uvutwe mpaka kidole cha shahada kiguse pembe ya mdomo, utulie hapo kidogo, ndipo uachiwe. Mkono wangu haukufika. Ulikaribia shavu, ukawa umebakiza kama upana wa vidole viwili, mara mshale umeshaondoka. Sikuuachia kwa kukusudia. Nilijiambia, leo nitasubiri, nitahesabu mpaka tatu. Moja haijaisha, mshale uko kwenye ukuta wa mbao. Hali hiyo iliendelea karibu miaka miwili, na ilinipokonya raha yote. Kuna jioni nilikuwa nautoa upinde kwenye mfuko, nautazama, naurudisha.

Aliyeugundua ugonjwa ni mke wangu. Nilimwomba anirekodi kwa simu, kisha tukaitazama vidio polepole.

"Baba Mutua," akasema, "hebu irudishe hapo. Mkono wako unaruka nje kama umegusa sufuria ya moto."

Ni kweli. Vidole badala ya kulegea vilikuwa vinaukwanyua upote kuelekea nje, nao ukienda upande, mshale nao unakwenda upande. Kwa mimi ninayevuta kwa mkono wa kulia, ulikuwa ukiangukia kushoto. Mara nyingine mkono ulisogea mbele kabla ya kuachia, nguvu ikapungua, mshale ukapiga chini. Makosa mawili, mzizi mmoja: uzito ulikuwa umeushinda mgongo, kazi ikahamia kwenye mkono wa mbele na vidole, na mwili ukajifunza kukimbia mzigo.

Sasa nije kwenye mabawa yenyewe. Yalinigharimu chini ya dola 100. Kuyabadilisha ni dakika tano: unavua upote, unalegeza skrubu mbili, unatoa ya zamani, unaweka mapya. Tafadhali tumia kamba ya kupindia upinde unapovalisha upote, usiukanyage wala kuukunja kwenye goti. Bawa likipindika ni vigumu kulinyoosha. Nilipima kwa mizani ya kuning'iniza. Ratili inayoandikwa kwenye bawa hupimwa kwenye mvuto wa inchi 28. Mimi mikono yangu ni mirefu, navuta 29, mizani ikasoma 27. Nafasi kati ya upote na mpini niliiweka karibu inchi 8 kwa kuusokota upote mizunguko kadhaa, mpaka kelele ikapungua.

Mazoezi niliyafanya gerejini, nje theluji ikiwa imefika magotini. Nilitoa karatasi yenye duara. Nikabaki na boksi la povu tupu, nikasimama mita mbili, karibu kiasi kwamba hakuna wa kukosa. Nikafumba macho.

Hapo ndipo ratili 25 zilipoonyesha thamani yake. Navuta, kidole kinafika pembe ya mdomo, na kwa mara ya kwanza kinakaa. Nasikia mfupa wa bega la kulia ukisogea kuelekea uti wa mgongo. Nasikia upote umelala kwenye fundo la kwanza la vidole vitatu. Nikiendelea kuubana mgongo, vidole vikachoka kukumbatia, upote unaondoka wenyewe, na mkono unateleza nyuma kwenye shavu mpaka chini ya sikio. Sikuamini mara ya kwanza. Nilibaki nimesimama vilevile, mkono uko sikioni, mpaka mshale ukaacha kutetemeka kwenye povu. Ndivyo wanavyotufundisha, ukae hivyo mpaka mshale ufike, lakini nilikuwa sijawahi kukaa.

Mishale 30 kila nirudipo kazini asubuhi, wiki sita, macho yamefumbwa. Wiki ya saba nikafungua macho. Ya nane nikaweka karatasi, mita 5. Siku ya kwanza ya karatasi hofu ilirudi, nikaivua, nikarudi kwenye povu tupu siku tatu zaidi. Sasa napiga mita 15 na mishale mitano naifunika kwa kiganja. Nilipomwonyesha mama Mutua, akaniambia mkono umetulia, na yeye si mtu wa kunisifu ovyo.

Kasoro zipo. Mishale yangu ya ratili 45 ni migumu mno kwa mabawa haya; kwenye mita mbili hutaona tofauti, ukirudi nyuma inaanza kuegemea kushoto hata ukiachia vizuri, nawe utadhani kosa ni lako. Nunua mishale laini zaidi, yaani ile yenye namba kubwa ya ulaini, kabla ya kuanza kujilaumu. Pia kwenye mita 20 mshale unapanda na kushuka kwa mkunjo mkubwa hewani, inabidi ulenge juu sana. Na kwa wawindaji: sheria ya hapa Minnesota inataka upinde wa kulungu uwe na mvuto usiopungua ratili 30, kwa hiyo haya ni ya mazoezi tu. Jambo jingine, wepesi wake unashawishi watu kuvuta na kuachia bila mshale. Usithubutu, na usimpe mtoto upinde bila kumwambia hivyo; nguvu isiyopata mshale wa kuibeba hurudi kwenye mabawa yenyewe na kuyapasua.

Kama wewe ni mgeni kabisa, nunua upinde huu na ratili 25 au 30 tangu mwanzo, hata kama una kifua cha mbeba magunia. Kama tayari unazo 40 na zaidi na mshale unakutoroka kabla hujafika mdomoni, usitupe upinde wala usibadilishe glovu kila mwezi kama nilivyofanya. Badilisha mabawa.

Mwezi huu nimeagiza ya ratili 35. Haya ya 25 siyauzi. Mutua ametimiza miaka 12, na jana nilimkuta gerejini amefumba macho, kidole kiko pembe ya mdomo, upinde mtupu, anauvuta na kuurudisha polepole bila kuachia. Nikampa mshale.