Udzungwa kwa miguu: uzoefu wangu kwenye njia ya Sanje

Kwa anayependa kutazama wanyama akiwa amekaa ndani ya gari, Udzungwa haitamfaa. Hifadhi hii ya milima na misitu nchini Tanzania ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na msituni humo hakuna barabara ya gari. Unatembea, mwongozaji yuko mbele yako. Mimi nimeipenda kwa sababu hiyohiyo.

Kufika hakusumbui: ukitoka Mikumi unashika barabara ya Ifakara, unapita Kidatu na mashamba ya miwa mpaka lango la Mang'ula. Nilichagua njia ya maporomoko ya Sanje, ambayo yanashuka mita 170 hivi kwa ngazi. Wageni wengi wanayakimbilia, wanaoga, wanapiga picha, wanageuka. Maji yanapendeza kweli, lakini kwangu utamu ulikuwa njiani, na ulitokana na mwongozaji.

Kijana huyo ni mwenyeji wa vijiji vya chini ya mlima. Mlio mzito uliposikika kutoka mbali alisimama. "Tulia kidogo, dada. Huyo ni ng'olaga." Ng'olaga ndiye kima wa Sanje, asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii. Wanasayansi walikuja kumjua mwaka 1979, pale watafiti Homewood na Rodgers waliposikia mlio wasioufahamu na mwenyeji aliyekuwa nao akawatajia mwenye mlio. Yaani kilichokuwa kipya vitabuni, wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Tuliwakuta baadaye kidogo wakipekua majani makavu ardhini kutafuta mbegu, na hawakutujali.

Juu ya miti walikuwepo mbega wekundu wa Udzungwa, nao ni wa eneo hili tu. Ukiwatazama mikono utaona vidole gumba kama havipo, na matumbo yao yana vyumba vinavyochachusha majani. Kisha tukaonyeshwa lundo la majani shinani mwa mti, kiota cha sange, mnyama mdogo wa msituni mwenye pua ndefu. Sange mwenyewe sikumwona, ila maelezo yalinitosha: yule mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote, uzito wake kama gramu 700, alitangazwa rasmi mwaka 2008 tu. Pua yake ndefu inamfanya aonekane kama panya, kumbe kiukoo yuko karibu zaidi na tembo!

Niliuliza kwa nini viumbe wa pekee wamejazana hapa. Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima iliyoko Kenya na Tanzania, na milima hii hupata mvua kutokana na upepo wa Bahari ya Hindi. Nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikarudi nyuma, hapa unyevu uliendelea kufika. Misitu ikabaki, kila mmoja ukiwa umetengwa na mwenzake kwa nyanda kavu, na viumbe wake wakabadilika kivyao kwa mamilioni ya miaka. Maelezo haya natamani kila mwanafunzi wa Morogoro na Iringa ayasikie akiwa amesimama chini ya miti yenyewe.

Ushauri wangu: mkifika langoni semeni mapema kwamba mnataka mwongozaji anayejua kima na ndege, na kwamba hamna haraka. Sanje ni ya nusu siku, lakini ukiibana hivyo utaona maji tu, kwa hiyo itengee siku nzima. Mwenye miguu imara apande kilele cha Mwanihana, mita 2,150, akilala msituni usiku 2. Upande huo msitu haukatiki kutoka bondeni hadi juu, na miti inabadilika kadiri unavyopanda. Vaa viatu vyenye meno, maana mvua ikinyesha njia inateleza vibaya. Darubini usiiache nyumbani, kwa kuwa mbega wanakaa juu sana na simu haiwafikii.