Kliniki ya wanyama iliyomtibu paka wangu mweupe kansa ya masikio

Nawapa nyota nne, ya tano wameikosa kwa sababu ya simu tu.

Paka wangu Pamba ni mweupe pee na mchana kutwa analala juu ya ukuta juani, na jua la Dar la saa saba mnalijua. Ncha za masikio zikaanza kuwa nyekundu, zikatoa magamba, halafu kidonda chenye gaga jeusi, likibanduka damu inatoka, kinakauka, kinarudi tena. Duka moja la dawa za mifugo wakaniuzia dawa ya kupuliza wakasema huyo kapigana na madume wenzie, tukapuliza wee hola, huku ukingo wa sikio unazidi kulika kama umetafunwa na panya.

Hapa kliniki dokta hakukimbilia sindano. Alilikunjua sikio kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza ukingo taratibu, akampapasa chini ya taya kama tezi zimevimba, kisha akakagua pua na kope maana hii kansa inapenda sehemu zenye manyoya machache. Akaniambia wazi, mama, nashuku hii ni kansa ya ngozi, paka weupe ngozi yao haina rangi ya kuwakinga na jua, na ikiachwa inachimba inakula nyama mpaka gegedu, ila ikiwa sikioni na haijasambaa, tukikata mapema matokeo huwa mazuri. Kipande kikaenda maabara, jibu likarudi karsinoma ya skwamasi, yaani kansa ya ngozi kweli kama alivyoshuku.

Masikio yote mawili yalikatwa, na walikata mpaka kwenye ngozi isiyo na ugonjwa ili isibaki mizizi ya kansa. Bei si ndogo jamani, ila waliniandikia kila kitu kwenye karatasi kabla ya kuanza na haikuongezeka hata shilingi. Kilichonifurahisha zaidi ni maelezo: nisimpe panadol hata robo kidonge kwa sababu kwa paka ni sumu inayoua, nisimpake losheni ya jua ya binadamu maana atairamba na zingine zina zinki ambayo itamdhuru, kola ya plastiki ya shingoni inayomzuia kujikuna kidonda isivuliwe mpaka nyuzi zitolewe, na kuanzia saa nne mpaka saa kumi akae ndani. Na watoto wakae naye tu, haiambukizi.

Sasa kichwa kimekuwa cha mviringo, wageni wanashangaa, lakini anakula vizuri, anasikia hata mfuko wa dagaa ukifunguliwa jikoni, na tunarudi kukaguliwa pua kwa sababu kansa ya jua inaweza kuota sehemu nyingine.

Shida ni simu, jioni kidonda kilipovuja nilipiga mpaka nikachoka, hakuna aliyepokea, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa anahitaji namba ya dharura kwa kweli, warekebishe hilo. Mkienda nendeni asubuhi na paka awe kwenye kikapu chenye mfuniko, mchana mbwa wa chanjo wanajaa pale mapokezi na paka wanahangaika sana.